Songa Nayo

Enzi zetu mtihani wa kidato cha sita ulifanyika Februari na vyuo vikuu vikafunguliwa Oktoba. Katikati hapo hukuwa na pa kwenda. JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya lazima ilikuwa bado haijarudishwa, ilikuja kurudi 2013, kwa hiyo aliyemaliza shule alikuwa na mawili tu: kijiwe au kibarua. Mimi mwaka 2011 nilipata kibarua kwenye kafe ya intaneti mjini Morogoro, nyuma ya soko kuu la zamani, lile lililovunjwa baadaye ili lijengwe hili la ghorofa linaloitwa Chifu Kingalu.

Mwenye kafe alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na hata wateja waliomzidi umri walimwita Mwalimu. Hakuna aliyegusa kompyuta yake bila shikamoo. Kompyuta zilikuwa sita, mojawapo siku zote imefunguliwa tumbo. Buku kwa saa, jero kwa nusu saa, kuprinti shilingi mia mbili kwa ukurasa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa umefika Dar es Salaam Julai 2009, na Mwalimu alipokopa ili afungue biashara aliambiwa intaneti sasa itakimbia. Mwaka ule kilichokimbia ni umeme. Maji ya bwawa la Mtera yalishuka, mgawo ukawa mrefu kuliko saa za kazi, na kila fremu pale nyuma ya soko ikawa na jenereta mlangoni. Ukitaka kuongea na mtu ilibidi umsogelee sikioni. Jenereta yetu ilimudu kompyuta tatu. Printa ikiwaka, zilibaki mbili.

Wateja wa mchana niliwaelewa mapema. Walikuwepo wa matokeo, wa CV, wa kuskani vyeti, na wa kumwandikia baba mdogo aliyeko Uingereza barua pepe ya kuomba ada. Nisiowaelewa walikuwa wa saa kumi na moja jioni. Fundi cherehani, wasichana wawili wa saluni, mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi kabla hajaingia lindo, na wanafunzi wa bweni ambao sikuwauliza wametokaje. Walichangia jero, wakaketi wawili kiti kimoja, wakafungua Facebook, wala hawakutazama picha ya mtu. Walikwenda moja kwa moja kwenye grupu moja, wakashuka hadi palipoandikwa kwa herufi kubwa SEHEMU YA KUMI NA MOJA, wakanyamaza. Chini yake kulikuwa na ILIPOISHIA na mistari minne ya kukumbusha, halafu SONGA NAYO, halafu simulizi yenyewe, hadi mahali ambapo mlango unafunguliwa na aliyeingia hatajwi. Hapo ndipo palipowekwa ITAENDELEA.

"Jamani huyu mtunzi ana roho mbaya!" msichana wa saluni akapiga meza ya Mwalimu. Wakaandika komenti yao, wakalipa, wakatoka wakibishana ni nani aliyeingia.

Komenti nazo zilikuwa na desturi zake. Aliyewahi aliandika "wa kwanza leo" au "siti ya mbele". Aliyechelewa aliandika "nimekaa paleee", na herufi za e zilionyesha ni nyuma kiasi gani. Asiyekuwa na la kusema aliomba atagiwe sehemu ijayo isimpite. Mtunzi akipitisha siku mbili bila kuweka mwendelezo, grupu zima lililia arosto, kama teja aliyekosa dozi, na watu ambao hawajawahi kuuona unga kwa macho walilitumia neno hilo bila haya mbele ya mama zao.

Si kwamba mambo haya yalianzia Facebook. Mjomba wangu alikuwa mnunuzi wa magazeti ya Global Publishers, Uwazi, Ijumaa na Risasi, na habari za mastaa alizisoma mwisho. Alianzia kwenye hadithi ya Eric Shigongo, akalikunja gazeti kwa upande huo, na ole wako ulifunue kabla hajamaliza. Na kabla ya magazeti hayo walikuwepo Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, vitabu vilivyopita mkono hadi mkono mpaka vikakosa jalada. Yule mlinzi wetu alikuwa na Kikosi cha Kisasi isiyo na kurasa za mwanzo, akiitunza kwenye mfuko wa nailoni kama cheti cha ndoa. Kilichokuwa kipya mwaka 2011 ni kwamba mtunzi aliweza kuwa mtu wa mtaani kwenu, asiye na mhariri wala mchapishaji, na msomaji aliweza kumgombeza kabla hajalala.

Mmoja wa watunzi hao alikuwa konda wa daladala za Kihonda. Aliandika kwa kalamu ya bluu kwenye kaunta buku, mistari imejaa hadi ukingoni, akiwa stendi anasubiri gari lijaze. Kwenye kibodi alikuwa mzito, anatafuta herufi moja moja kwa kidole cha shahada. Siku moja alisimama kaunta, akanisalimu, akaniwekea kaunta buku mbele. "Dada'angu, nisaidie hii kabla jenereta haijaisha mafuta. Watu wananidai."

Nikamsaidia. Tangu siku hiyo nauli yangu ya kurudi Kihonda nikawa silipi, na simulizi yake nikawa naijua siku moja kabla ya watu wengine wote, cheo ambacho wasichana wa saluni walikiheshimu kuliko cheti changu cha kidato cha sita. Ilihusu binti aliyekuja kufanya kazi za ndani kwenye nyumba moja kubwa ya Kihonda, akapewa kitanda, na usiku wa kwanza akakuta chini ya godoro kitambulisho cha mtu anayetafutwa na ndugu zake. Konda alijua kuandika hofu. Alijua pia kuandika njaa, na jinsi mfanyakazi wa ndani anavyohesabu vipande vya nyama sufuriani ili asije akashukiwa.

Mwanzo wa mwaka ule status ya Facebook haikuruhusu zaidi ya herufi 420. Watunzi wakahamia kwenye Notes, au wakakata simulizi vipande na kuvibandika kimoja kimoja kwenye komenti, wasomaji wakiombwa wasiandike chochote hadi mtunzi amalize ili wasimkatishe. Ilibidi ujue pa kukata. Julai kikomo kikawa herufi 500, Septemba 5,000, na mwisho wa Novemba kikapanda hadi zaidi ya 63,000, nafasi ya kuweka kitabu kidogo kwa mkupuo. Mimi nilidhani sasa tutapewa simulizi nzima nzima. Hakuna mtunzi hata mmoja aliyefanya hivyo. Kukata kulianza kwa kubanwa na mtambo, ila kufikia wakati huo kulishakuwa ndiyo raha yenyewe. Nilipomuuliza konda kwa nini asiimalize tu watu wapumzike, alinitazama kama niliyemwambia ashushe abiria katikati ya safari.

"Nikiwapa yote leo, kesho watarudi kwa nani?"

Watunzi wasiokuwa na mtu kafe waliandikia kwenye simu za vitufe, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vijana wa wakati ule waliandika vile walivyoandika. Kuandika "sasa" kwenye vitufe ni mibonyezo kumi, maana s iko ya nne kwenye kitufe cha 7. Kuandika "xaxa" ni sita. Kwa mtu anayetunga kurasa tatu kwa kidole gumba chini ya shuka, hiyo ni tofauti ya kulala na kutolala. Lakini msimamizi wa grupu letu, binti wa Tabora ambaye wakati huo hakuna aliyewahi kumwona, alikuwa na sheria yake: kwenye komenti andika unavyotaka, kwenye simulizi andika Kiswahili. Sehemu yenye x mahali pa s aliifuta bila onyo. Watu walimsema, wengine wakaanzisha magrupu yao kwa hasira, na baada ya wiki wakarudi na s zao. Nimepita mikononi mwa walimu wengi wa insha. Kuvunja aya mahali pake, na kuweka maneno ya kila mhusika kwenye mstari wake, nilijifunza kwa yule binti.

Halafu ikaja biashara ya karatasi. Mama mmoja aliyeuza mchicha sokoni alisikia wasichana wa saluni wakibishana juu ya yule mfanyakazi wa ndani, akadhani ni mtu wa kweli, akauliza anakaa nyumba ipi ili aende akamtoe. Walipomweleza, akaja kafe na shilingi elfu moja na mia mbili. Hakuwa na simu ya intaneti. Alitaka aprintiwe tangu mwanzo. Nikapunguza herufi hadi ukubwa wa tisa, nikabana mistari, nikapiga pande zote mbili za karatasi na kumhesabia kila karatasi ukurasa mmoja, sehemu kumi zikaingia kwenye karatasi sita. Nikazibana kwa pini. Zile karatasi zilizunguka meza za mchicha, zikaenda kwa wauza dagaa, zikafika kwa mama lishe, na zilipopita mbele yangu tena zilikuwa zinanuka mafuta ya samaki na zimeandikwa kwa kalamu pembeni: "Huyu baba mwenye nyumba ndiye." Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa naprinti nakala kadhaa za kila sehemu.

Nilijua Mwalimu atagundua kwa hesabu ya karatasi. Aligundua. Alichukua nakala moja nyumbani bila kusema neno, na asubuhi akairudisha mezani kwangu imejaa kalamu nyekundu: l zote zilizokaa mahali pa r, "aliemuona" imefanywa "aliyemwona", na pembeni mwa ukurasa wa nne, "Rudia sentensi hii." Akaketi, akavua miwani.

"Huyu binti," akasema, "atatoka salama?"

Oktoba nikaenda chuo Dar es Salaam, na grupu nikalibeba kwenye simu. Kuanzia 2013 hivi ndipo kuhama kulipoanza, na hakuna aliyekutangaza. Facebook ilikuwa imejaa wajomba na wachungaji. Simulizi za chombezo, zile za mambo ya chumbani, hazikuweza kukaa ukumbini na shangazi. Binti wa Tabora akaandika mstari mmoja: "Weka namba hapa chini niwaunge WhatsApp." Zikashuka mamia ya namba za simu, hadharani, za watu wasiofahamiana, wala hakuna aliyeona tabu. Nilikuja kujua baadaye kwamba zile namba alizinakili zote kwenye daftari, kwa mkono, kila moja na jina la akaunti na mkoa.

WhatsApp wakati huo haikuruhusu zaidi ya watu 50 kwenye grupu. Novemba 2014 wakawa 100, Februari 2016 wakawa 256. Kwa hiyo grupu moja la Facebook liligawanyika kuwa A, B, C hadi mbali huko, na sehemu mpya ililetwa kwanza A. Watu walioko grupu D waliishi maisha ya unyonge, wakiomba rafiki wa A awarushie. Hapo ndipo na hela ilipoingia. Watunzi walioona wasomaji wao wamefungiwa chumba kimoja walianza kutoza buku kwa simulizi, kwa M-Pesa au Tigo Pesa, na saa sita usiku ya tarehe ya mwisho msimamizi aliwarimuvu wasiolipa. Mimi sikuona ubaya. Konda alikuwa ameandika miaka mitatu kwa malipo ya "ubarikiwe mtunzi".

Kwenye grupu C walikuwepo wanawake wa Kitanzania waliokuwa wakifanya kazi za majumbani Muscat. Walisoma ile simulizi ya mfanyakazi wa ndani tofauti na sisi. Walipokomenti, wengine tulinyamaza. Mmoja aliruhusiwa simu Ijumaa tu, na binti wa Tabora, yule yule aliyefuta watu kwa sababu ya x, alimkusanyia sehemu za wiki nzima na kumtumia faragha kila Alhamisi usiku ili azikute. Ada ya huyo wa Muscat ililipwa na mdogo wake aliyeko Tanga.

Baada ya hapo kila miaka miwili mitatu likatupata jambo. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 2016 simu feki zikazimwa nchi nzima kwa agizo la mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na wenye simu za Mchina za laini mbili, ambao kwetu walikuwa wengi, wakapotea pamoja na kila kitu walichokuwa wamehifadhi. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, na blogu ikatakiwa leseni yenye ada zilizofika shilingi milioni mbili na ushee. Mtunzi aliyeweka simulizi zake kwenye blogu ya bure, anayekula kwa kuuza miwa, alifanya nini? Alifunga. Tarehe 31 Desemba mwaka huo huo WhatsApp ikaacha kufanya kazi kwenye Nokia za S40, simu ambazo zilikuwa zimedumu na chaji siku nzima na hazikuwa na kosa lolote. Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kukatwa. Oktoba ya mwaka huo, wiki ya uchaguzi, mitandao ikabanwa, na waliojua VPN walisoma wakawapigia wenzao simu na kuwasimulia kwa mdomo.

Kila lilipopita jambo, binti wa Tabora alifungua daftari na kuanza kupiga namba. Namba ikigoma, alipiga ya aliye karibu naye mkoa huo: "Yule dada wa Nzega yuko wapi siku hizi?" Nimesoma makala nyingi zinazosema vijana huhama tu wenyewe, leo huku kesho kule, kwa kufuata kipya. Mimi niliyekuwemo niliona watu wakihamishwa, kwa vocha ya mtu mmoja.

Sasa tuje kwa wezi.

Simulizi ya konda iliibwa mara ya kwanza 2012. Mtu alikopi, akapesti kwenye grupu jingine, akafuta jina la mtunzi na kuweka lake, na kule akaitwa fundi. Siku hiyo grupu letu lilikuwa vita. Watu walikwenda kule kwa makumi kumtukana, na walipotolewa walirudi kwa akaunti nyingine. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ilikuwepo na COSOTA ya kuisimamia ipo, lakini kwenye yale mabishano yote sikumbuki mtu aliyeitaja. Dawa iliyobuniwa ilikuwa ya kienyeji: mtunzi aliweka jina lake na namba ya simu katikati ya simulizi, kila baada ya aya chache, ili mwizi apate kazi ya kufuta. Ukawa unasoma wapenzi wanakaribiana, midomo inagusana, halafu mtunzi na namba yake, halafu wanaendelea. Tulizoea.

Wezi nao walizoea. Zile simulizi zikaenda kwenye magrupu yasiyohesabika, zikaenda Telegram ambako faili moja lilibeba sehemu zote, zikaenda kwenye memori kadi zilizouzwa na vijana wa kujaza nyimbo pale Msamvu, Morogoro: nyimbo mia mbili, filamu tatu na simulizi. Kisha YouTube ikaleta simulizi za sauti, na kwa kweli hilo lilikuwa jambo jema kwa wasomaji. Unafua, unasuka, unaendesha gari usiku, na mtu mwenye sauti nzito anakusomea. Ila jina lililokuwa mbele lilikuwa la mwenye sauti. Mtunzi alitajwa mwishoni, akibahatika. Siku hizi kipande cha dakika moja kinarushwa TikTok, kinakatwa pale pale palipokuwa panakatwa mwaka 2011, na chini wanaandika mwendelezo uko YouTube, linki kwenye bayo. Watoto wa 2008 wanakomenti "siti ya mbele" bila kujua wameipata wapi.

Mwaka 2022 nilikuwa nasukwa Mbezi, na dada anayenisuka alikuwa amewasha simulizi ya sauti kwenye simu yake. Kichwa cha simulizi hiyo sikukijua. Mtaa ulikuwa Tegeta. Lakini yule binti alihesabu vipande vya nyama sufuriani, nikakaa wima hadi dada akaniambia, "Tulia bwana, rasta zinaachia." Nikatulia, nikasikiliza. Kihonda imefanywa Tegeta, daladala imefanywa bodaboda, jina la mtunzi halipo popote. Halafu, katikati ya mahali pa hofu, binti anasogeza godoro, na yule msomaji kwa sauti yake nzito akasoma namba ya simu. Tarakimu zote kumi, kwa madaha, kana kwamba ndizo zilizokuwa zimeandikwa kwenye kile kitambulisho. Mwizi alikuwa amezifuta zote akasahau moja, na msomaji hakujiuliza.

Ilikuwa namba ya zamani ya konda. Niliipiga papo hapo. Alipokea mama mmoja wa Singida ambaye hata sikumaliza salamu. "Mwanangu, kama ni mwendelezo, mimi sina." Laini ilikatwa wakati wa alama za vidole, ikauzwa upya, na yeye tangu hapo anapigiwa na watu wa Mtwara na wa Mombasa wakidai kujua kama binti ametoka. Alisema amefikiria kuibadilisha, ila biashara yake ya mafuta ya alizeti inaitegemea.

Konda nilimpata kupitia Tabora, bila shaka. Siku hizi ana bajaji yake mwenyewe na anaandika bado, usiku, kwenye simu. Nilipokwenda Morogoro tuliiweka simu kwenye usukani wa bajaji tukasikiliza mwanzo hadi mwisho. Nilitegemea hasira. Alisikiliza kama mtu anayekagua gari lake lililoazimwa, kichwa kimeinama, na mara ya kwanza alipofungua mdomo alisema, "Lakini kasoma vizuri, bwana." Mara ya pili alisimamisha.

"Sehemu ya kumi na nne haipo. Wameruka. Hapo ndipo anapopata ufunguo."

Tukaitafuta. Akaunti yake ya Facebook iliunganishwa na ile ile namba, na ujumbe wa kuirudisha unakwenda Singida. Kaunta buku ililiwa na mchwa. Magrupu ya WhatsApp yalikufa na simu zilizoyabeba. Binti wa Tabora ana namba za watu wote, simulizi hana hata moja. Karatasi za sokoni zilifungia maandazi. Kilichobaki ni nakala za wezi peke yake, na nakala hizo zote zinatokana na moja iliyoruka sehemu ya 14.

Kwa hiyo nasema hivi, na najua watunzi hawatanipenda. Waliokopi bila ruhusa waliwanyima watu jina na riziki, na bila wao leo tusingekuwa na kitu cha kugombania. Yote mawili ni kweli. Miaka kumi na zaidi kila mtandao ulipofunga mlango, msimamizi mwenye daftari aliwaokoa wasomaji, na mkono wa mwizi ndio uliookoa maandishi. Ingekuwa heri kazi hiyo ya pili nayo ingefanywa na mtu mwaminifu. Hakuna aliyejitokeza, hata sisi tuliokuwa na printa.

Basi wewe msomaji, kama droo yako ina simu ya zamani, memori kadi, au karatasi zilizobanwa kwa pini zenye harufu ya dagaa, zipitie kabla hujazitupa. Tunaitafuta sehemu ya 14, ya binti wa Kihonda na ufunguo. Na ukikuta simulizi nyingine yoyote yenye jina na namba ya mtunzi katikati, isheye ukitaka, ila lile jina liache mahali lilipo.